Mtoto Aliyesimama Mikono Nyuma

Wapendwa, jana jioni kwenye mdahalo ukumbi huu uliwaka moto! Upande huu: mtoto alelewe shamba apate adabu. Upande ule: mtoto alelewe mjini apate akili. Watu walipiga meza. Hata ninyi wazazi mliokaa hapo mbele mlisimama mkashangilia, msikatae, tuliwaona. Leo siongezi hoja hata moja. Nawapa mfano, kisha mtaniambia ninyi wenyewe upande upi ulishinda.

Walikuwepo ndugu wawili. Majina sitawapa, wekeni ya kwenu. Mkubwa alihamia mjini, anakaa ghorofani. Mdogo alibaki kwenye migomba ya baba yao. Kila Desemba mkubwa hupanda kwenda nyumbani na familia yake, mbuzi huchinjwa, wanaume hukaa uani wakala na kuongea mpaka sauti zikauke. Mnaijua Desemba hiyo. Wengine mmeshaanza kuiwekea akiba ya mafuta ya gari.

Mwaka huo mkubwa alikuwa anajenga choo cha kisasa pale nyumbani, maana mke wake alishaapa kwamba kuchutama basi. Mafundi wakachimba shimo refu la maji machafu nyuma ya nyumba. Mvua ikanyesha, shimo likajaa maji nusu. Mafundi nao walikuwa na sikukuu zao. Wakatupia mabati mawili juu, wakaenda kwao.

Sasa mkubwa ana mtoto wa kiume, yuko chekechea. Wanashuka kwenye gari, mtoto anamwona baba yake mdogo, anamnyooshea ngumi ya salamu: "Mambo!"

Mambo! Kwa baba mdogo! Yule bwana nusura ameze mfupa aliokuwa anautafuna.

"Kaka," akasema, "huyu mtoto niachie. Mwaka mmoja tu, nitakurudishia mtu."

"Mwaka mmoja umfundishe nini, kukimbiza kuku?" mkubwa akacheka. "Wewe ndiye unipe binti yako. Mtoto ana akili yule, zinamwozea hapa."

Basi, moto ukawaka. Watoto wenyewe, huyu wa chekechea na binti wa mdogo aliyekuwa darasa la tatu, walikuwa wamekaa hapohapo wakisikiliza wanavyogawanywa. Baba zao wote wawili wakawageukia kwa sauti moja. Angalieni, hili ndilo jambo pekee walilokubaliana siku ile! "Nendeni mkacheze huko nyuma, wakubwa wanaongea!"

Watoto wakaenda huko nyuma.

Haukupita muda binti akarudi. Peke yake. Anahema, tope mpaka magotini, tope mpaka kwenye viwiko. Akafika mbele ya wazee, akapiga goti kidogo, akasimama mikono nyuma. Akangoja. Kwao ndivyo alivyofundishwa: ukikuta wakubwa wanaongea, simama, mikono nyuma, ngoja uulizwe.

Je, aliulizwa?

"Umeona?" mdogo akamwambia kaka yake, akimwonyesha binti kwa mfupa. "Hayo ndiyo malezi! Amefika, amesimama, katulia. Wako angekuwa ameshakupanda shingoni."

"Huyo hajatulia, huyo anaogopa! Mwangalie anavyotetemeka. Wangu anajiamini, anasimama mbele ya shule nzima anaongea Kiingereza."

"Kiingereza cha kumwongelesha nani? Mbuzi?"

Watu wote uani wakaangua kicheko. Hata mkubwa alicheka, mpaka akajifuta machozi.

"Na hilo tope je?" akarudi na hoja mpya. "Mtoto wa kike anashinda hivyo? Minyoo, kichocho..."

"Tope ni afya, kaka! Wako akikanyaga umande anakohoa mpaka Pasaka."

"Baba," binti akasema kwa sauti ndogo.

"Subiri. Wakubwa wanaongea."

Akasubiri!

Jamani, mnaiona picha hiyo? Mtoto amekuja na habari. Habari iko miguuni, iko mikononi, iko kwenye kifua kinachopanda na kushuka. Na watu wazima wawili, wenye akili, wanaompenda, wamemfanya kielelezo cha mjadala! Tope lake wamelijadili. Kutetemeka kwake wamekujadili. Hakuna aliyemwuliza ametoka wapi.

Ndipo mama yake akatokea jikoni na sinia la ndizi. Hakuwa na upande katika ule mjadala, alikuwa na njaa na moshi machoni. Akamtazama mwanawe mara moja tu.

"We, mdogo wako umemwacha wapi?"

"Yuko shimoni, mama."

Sinia lilianguka. Ndizi zikatawanyika, mbwa akabaki nazo, maana kila mwenye miguu miwili alikimbilia nyuma ya nyumba. Bati moja lilikuwa limepinduka. Chini kule mtoto amekumbatia boriti walilosahau mafundi, maji yamemfika kidevuni, midomo imebadilika rangi, macho makavu kabisa. Mdogo aliruka na viatu vyake. Akamnyanyua yule wa "Mambo!" juu ya kichwa chake, na mkubwa akalala kifudifudi kwenye tope, shati jeupe na yote, akamdaka mwanawe kwa kwapa na kumvuta.

Alitoka hai! Pumueni. Alitoka hai, wakamvua nguo, wakamfunga kanga tatu, akatapika maji, akalia.

Na sisi watu wazima tukishatoka kwenye hofu tunafanya nini? Tunatafuta wa kumgombeza. Mdogo, maji yanamchuruzika, akamshika binti yake bega: "Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nangoja mmalize, baba."

Mkubwa naye akamwuliza mwanawe, huku akimsugua mgongo: "Na wewe baba, mbona hukupiga kelele?"

Mtoto akamjibu, meno yakigongana: "Nilisikia sauti yako. Nikajua uko bize."

Haya. Nani alishinda mdahalo? Nyoosheni mikono, jana mlinyoosha vizuri sana!

Shamba lilimfundisha mmoja kungoja, mji ukamfundisha mwingine kutosumbua. Huku tumeita adabu, huku tumeita kujitegemea, na mtoto ni yuleyule, yuko kwenye maji na hana wa kumwambia. Najua kuna mtu anajiandaa kuniuliza, "Kwa hiyo watoto wasiheshimu wakubwa?" Kaa chini, kaka yangu. Waheshimu! Wapige magoti! Lakini heshima ambayo mtoto anaitoa na sisi hatumrudishii hata swali moja, hiyo tumemdhulumu. Na ninyi wa mjini msipige makofi bado. Mnalipa ada za shule zenye mabasi ya njano, mtoto anarudi jioni na kilio kimemkaa kooni, mnampa simu achezee ili ninyi muongee. Muongee juu ya nini? Juu ya maisha yake ya baadaye!

Baba wale wawili waliwapenda watoto wao, sina shaka. Wangeweza kufa kwa ajili yao, na mmoja aliruka shimoni bila kuuliza kina. Tatizo letu silo kufa kwa ajili ya watoto. Tuko tayari kufa. Tunachoshindwa ni kukatiza sentensi.

Mungu hakutuuliza tutawalea wapi. Ametukabidhi, atatudai. Na sitaki tuombe toba ya jumla hapa, ile ya kufumba macho wote kisha tukanywe chai. Nauliza jambo dogo. Leo asubuhi, ili ibada iwe na utulivu, watoto wetu wote tuliwaambia wakacheze nje mpaka tumalize. Mimi nimeongea muda mrefu. Ninyi mmecheka, mmepiga makofi. Ni nani kati yetu aliyewaona watoto tangu ibada ianze?

Mbona mnatazamana?

Inukeni, mmoja wenu, wawili, nendeni. Mkimkuta aliyesimama pembeni, mwulizeni anasemaje, na mumsikilize mpaka amalize. Msiwe na haraka ya kurudi. Leo sisi ndio tutakaongoja.