Muhuri wa Bwana Fisi

Paukwa!
Pakawa!
Palikuwa na posta.
Foleni yake ilikwenda?
Foleni ilisimama. Kilichokwenda mbele ni tumbo la Fisi, mkaguzi wa vifurushi.

Basi Bi Kindi alipata habari kwamba binti yake, Mize, kajifungua mapacha ng'ambo ya mto, na maziwa hayatoki. Roho ilimruka. Mto umefurika, hakuna avukaye ila Kiboko, mchukuzi wa posta. Akasaga pilipili manga ya uji wa mzazi, ule uletao maziwa, akatia na samli, akakishona kifurushi kwa kitambaa cheupe, mbio mpaka posta, tipu tipu tipu!

"Kimeshonwa?" akauliza Fisi. "Kifunguliwe. Usalama!"

Nyuzi zikakatwa, kwachu! Samli ikaishia kooni, gudu gudu gudu.

"Samli ni kimiminika. Hairuhusiwi. Njoo kesho."

Kesho yake akaja, tipu tipu tipu, kifurushi wazi, ndani mna halua.

"Mbona hakikushonwa? Usalama!" Halua ikapita, gudu gudu gudu. "Njoo kesho."

Siku ya tatu akaja na mkate wa ufuta.

"Hukuandika jina la babu wa mpokeaji. Usalama!" Gudu gudu gudu.

Bi Kindi akawa hakai, hali, hasimami mahali pamoja. Kobe, aliyepanga foleni mwezi mzima na kofia ya mwanawe, akamnong'oneza: "Bibi wee, huyu akishagonga muhuri wake, mzigo haufunguliwi tena hata mbingu ishuke. Kazi ni kuupata huo muhuri."

Siku ya nne Bi Kindi akaburuta gunia kubwa, kifurushi cha pilipili manga kwapani.

"Chini kabisa kuna papa mkavu, bwana mkubwa. Sijui kama anaruhusiwa."

Mate yakamchuruzika Fisi. "Sharti nikague mpaka chini!" Akaingiza kichwa, akaingiza mabega, akazama mzima.

Bi Kindi akachomoa sindano ya magunia. Choma, vuta! Choma, vuta! Akaunyakua muhuri mezani. Pa! juu ya gunia. Pa! juu ya pilipili manga ya Mize. Pa! juu ya kofia ya Kobe.

Kiboko akaja kubeba.

"Nifungue!" likanguruma gunia. "Mimi ndiye mkaguzi!"

Kiboko akautazama muhuri. "Umekaguliwa wewe. Miaka yote nabeba, ndio kwanza mzigo unanibishia." Akaubwaga mgongoni, akaingia majini.

Ng'ambo mkaguzi ni Nungunungu. Yeye hafungui mzigo, huuchoma mwiba.

"Aaa!"

"Unapiga kelele," akasema Nungunungu. "Huu si salama. Tuuchome tena."

Jioni ile Mize akanywa uji. Keshoye maziwa yakatoka, mapacha wakanyamaza. Habari ilipomfikia Bi Kindi, alikaa chini kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akalia kwa furaha.

Ngano yangu imekwisha. Ikiwa tamu, mpelekeeni jirani. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe. Na funzo lake ni hili: muhuri wa ofisi haushikwi na raia. Bi Kindi alikosa adabu kabisa. Msimwige, wanangu. Na mkimwiga, shoneni kwa uzi imara.