Zamu ya Shanga Kichuguuni

Paukwa!

Pakawa.

Mbona mnaitika kwa uvivu? Na wewe uliyempakata mtoto, itika kwa niaba yake. Paukwa!

Pakawa!

Hapo kale, nyasi zilipokuwa ndefu kuliko shingo, palikuwa na kundi la kanga. Siyo zile kanga za kuvaa, wanangu. Kanga ndege, wenye madoa meupe.

Kanga hula wameinama. Do, do, do. Midomo chini, mikia juu. Aliyeinama hamwoni mwewe. Kwa hiyo waliwekeana zamu. Mmoja hupanda kichuguu, akaangalia juu. Akimwona mwewe, huita. Wote hukimbilia kichaka cha miiba, fyuuu, na vifaranga wao.

Majike walipanda. Madume walipanda. Ukiwauliza, wangekwambia, "Sisi hapa hatubagui."

Lakini sikilizeni. Kanga dume huita chi-chi-chi. Kanga jike huita ku-kwee, ku-kwee. Dume akiita, fyuuu, wote kichakani. Jike akiita, shingo zinainuka, macho yanamtafuta Bwana Kishungi, dume mkubwa. Kishungi akikimbia, wanakimbia. Kishungi akila, wanakula.

Hakuna aliyeagiza hivyo. Hata Kishungi hakujua kwamba anatazamwa. Alikuwa mpole, akipata mchwa mnono huwaachia vifaranga.

Sasa, palikuwa na mama mmoja, Madoa. Zamani naye alipanda. Aliita, wakamtazama Kishungi. Aliita tena, wakamtazama Kishungi. Mwisho akasema miguu inamuuma, akaacha. Miguu haikumuuma. Kila asubuhi jua lilipokiwakia kile kichuguu, alikitazama akatamani. Alitamani aite mara moja tu, waje bila kugeuka.

Siku ikafika ya bintiye Shanga kupanda kwa mara ya kwanza. Madoa alimnyoosha manyoya kwa mdomo, akamfuta vumbi miguuni.

"Mama, nikikosea?"

"Utaita tena, mwanangu."

Shanga akapanda. Akatazama huku, akatazama kule. Kitu cheusi kikatokea juu ya miti. Ku-kwee, ku-kwee!

Shingo zikainuka. Na shingo ya Madoa, mama mzazi, ikageuka. Ikamtafuta Kishungi.

Shanga aliona. Ukiwa juu unaona kila kitu.

Kishungi akatazama angani, akakimbia. Hapo ndipo wote wakakimbia. Kucha za mwewe zikang'oa manyoya ya kifaranga wa mwisho. Alipona, lakini alitetemeka mpaka jioni.

"Ahsante, Bwana Kishungi," wakasema kichakani. "Bila wewe leo tungelia."

Shanga akamsogelea mama yake. "Mama. Hata wewe."

Madoa akainama, akadonoa udongo mtupu.

"Basi kesho nitasema miguu inaniuma," Shanga akasema. "Kama wewe."

Neno hilo lilimchoma Madoa mahali ambapo mwiba haufiki. "Panda kesho tu," akamwambia. "Kwa ajili yangu."

Kesho yake Shanga akapanda, shingo imelegea. Akatazama huku, akatazama kule. Ku-kwee, akaita, kwa sauti ndogo.

Shingo ya Madoa ikaanza kugeuka. Ilikuwa imezoea. Akaivuta, akairudisha, akakimbia. Fyuuu, yeye na vifaranga wake. Wengine walibaki, wanamtazama Kishungi.

Kitu kikashuka taratibu, pwata. Jani kavu la mgomba, limeletwa na upepo.

Wakacheka mpaka mbegu zikawatoka mdomoni. Bi Kidomo, jirani yake Madoa, akauliza, "Shoga, si miguu inakuuma? Imepona kwa ajili ya jani?"

Madoa akatoka kichakani, miiba mgongoni. "Juzi Bwana Kishungi alituita kwa sababu ya moshi," akasema. "Tulikimbia wote. Tukarudi, tukala. Nani alimcheka?"

Madoa akakung'uta miiba, akaendelea.

"Na mimi jana niligeuka. Mtoto wangu anaita, nami namtafuta mwingine wa kumwamini."

Kishungi akamtema mchwa wake. "Jana aliyemwona mwewe ni Shanga," akasema. "Mimi nilikuwa nakula. Mkanishukuru, nami nikapokea."

Kabla hajamaliza, ku-kwee, ku-kwee! Safari hii kwa sauti kubwa.

Shingo mbili tatu zikaanza kugeuka, zikaona haya, zikarudi. Fyuuu. Wote. Kishungi alikuwa nyuma kabisa, anawasukuma vifaranga. Mwewe akapita chini, vuuu, akaondoka na kucha tupu.

Shanga akaingia wa mwisho. "Mmekuja," akasema.

Asubuhi iliyofuata, Madoa aliacha kula, akatembea kuelekea kichuguuni.

"Na miguu?" akauliza Bi Kidomo.

"Haijawahi kuniuma."

Akapanda. Jua likamwakia. Chini, bintiye aliinama, akala bila kutazama juu.

Wanangu, nanyi mama zao na baba zao, tunaweza kumpunja mtu kwa kuwa ni mwanamke, huku tunampenda, na wala tusijue. Anayetaka kuacha, aanze kuichunga shingo yake mwenyewe.

Hadithi yangu imepanda kichuguu, na mimi naishia hapo.