Nani Aitikie Jina la Nakijwa?

Haya, sogeeni. Wewe mwenye miguu mirefu, ikunje wenzako wapate kukaa. Leo sina sungura wala fisi. Nina wanawake watupu, tena wote wana akili zao, kwa hiyo wanaume mtanivumilia.

Alikuwapo mama mmoja, Bi Tabu, mkazi wa kambi ya mkonge huko tambarare. Alikuwa na mabinti watatu. Wa kwanza, Mashavu, alijaliwa jicho. Nikisema jicho sina maana ya kijicho, msinikoroge! Kitu akikitazama mara moja, basi hakimtoki tena kichwani. Wa pili, Mwanvita, alijaliwa moyo na mdomo. Mbwa wakali walimpisha njia, na nyapara wa kambi akimwona kwa mbali alijifanya ana safari. Wa tatu, Sikitu, alikuwa mpole wa kupitiliza, lakini alijaliwa sikio. Ukimsimulia jambo mwaka huu, mwakani atakurudishia kama ulivyolisema, na pale ulipokohoa naye atakohoa.

Huyu Bi Tabu hakujua kwao. Mama yake aliteremka kutoka milimani kumfuata mume aliyekuwa akikata mkonge. Homa ikawachukua wote wawili wakifuatana, Tabu akiwa bado mtoto wa kushikwa mkono. Kambini marehemu mama huyo aliitwa Mama Tabu, basi, na jina lake la nyumbani hakuna aliyewahi kumuuliza. Kikongwe wa jirani, Mnyamwezi mwenye huruma, akamlea yatima yule mpaka akaolewa.

Watu wa kambi ile walitoka kila pembe, na kila mmoja alikuwa na kwao. Mtu akifa, ndugu walikuja na nyimbo zao wakamlilia kwa lugha yake. Bi Tabu akiulizwa, "Wewe mwenzetu kwenu wapi?" alijibu, "Hapahapa." Wakicheka, naye alicheka. Lakini mvi zilipoenea, aliwaita mabinti zake akawaambia, "Wanangu, mimi sitaki kufa mtu wa hapahapa. Nitafutieni kwetu."

Wamtafutie wapi? Milima ile mmeiona ilivyojipanga! Hapo ndipo jicho la Mashavu lilipofanya kazi.

Bi Tabu alikuwa na namna yake ya kufunga mzigo. Kamba aliizungusha mara mbili, akaipitisha chini ya yenyewe, kisha akaacha ncha moja ikining'inia. Kuni alifunga hivyo, chandarua alifunga hivyo. Alifundishwa na mama yake kabla hajajua kusema vizuri, na kambi nzima hapakuwa na mwingine aliyefunga vile. Sasa siku moja Mashavu yuko sokoni anauza nyanya, likaja lori la tangawizi. Akatupa jicho kwenye magunia. Loo! Aliziacha nyanya zake bila mlinzi akaenda kumkamata mkono mwenye mzigo.

"Dada, samahani. Fundo hili kakufundisha nani?"

"Fundo? Hili kwetu tunafunga sote."

"Kwenu wapi?"

"Upareni, huko juu, ng'ambo ya msitu. Kwani vipi?"

Mashavu alilifungua gunia la watu, akalifunga tena kama mama yake anavyofunga, mpaka ile ncha ya kuning'inia. Mwenye tangawizi akamtazama usoni. "Ala! Kumbe wewe ni wa kwetu?"

"Hilo ndilo ninalolitafuta," Mashavu akasema, machozi yanamlengalenga.

Basi mlima umepatikana. Lakini mlima una koo chungu nzima, na mtu hapokelewi na mlima, anapokelewa na ukoo. Mwanvita akajifunga kibwebwe akapanda.

Alipokelewa vizuri, msiwasingizie Wapare. Alipewa makande, akapewa na pa kulala. Ila akigusia tu kwamba anatafuta ndugu waliopotea, mlango unafungwa. Huko juu mashamba ni madogo, na kila anayekuja akidai undugu, kesho yake anadai na shamba. Mzee mmoja alimwambia waziwazi, "Binti, hapa hata makaburi yanabanana."

Mimi ningeteremka siku hiyohiyo, na ninyi pia, msijifanye mashujaa. Mwanvita hakuteremka. Alichimba tangawizi za watu, mvua inamnyeshea. Alibeba vikapu mgongoni kwenye miteremko ambayo mbuzi anaifikiria mara mbili. Palipokuwa na msiba alikwenda, akateka maji, akaosha masufuria. Hata siku ya kumaliza matanga nyumba moja, koo zote zimekaa, yeye mgeni asiye na kauli akasimama katikati.

"Wazee, shikamooni. Mimi sitaki shamba. Sitaki hata pa kupanda mchicha. Nina mama anazeeka bila kujua kwao. Kama ni wenu, mtuambie. Kama si wenu, mtuambie pia, tukabishe hodi kwingine."

Akacheka mama mmoja mnene, Shangazi Namkunda, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa mashangazi wa ukoo wake. Jina la ukoo ninalificha, msije mkaenda kuwasumbua. "Mtu aliyekataa shamba Upareni mimi sijapata kumwona," akasema. "Mlete mama yako. Tutamsikiliza."

Bi Tabu akapandishwa mlimani, anashikiliwa huku na huku. Ukoo ukakaa. Sasa watu wale wana desturi yao: mtoto wa nyumba ile, kila asubuhi akiwasha moto, hufundishwa kuwataja wazee wake mmoja baada ya mwingine. Shangazi Namkunda akauliza kwa upole, "Dada, wataje wazee."

Bi Tabu akatafuta, akatafuta. "Sijui, dada yangu," akasema, akainamisha kichwa. Watu wakaanza kujikung'uta nguo wainuke. Nakuambieni, iliuma.

"Shangazi, ngojeni," ikasikika sauti ndogo. Sikitu huyo! Mtu ambaye hata salamu huitoa kwa kunong'ona. "Zamani mama aliumwa malaria kali. Mimi ndiye niliyemuuguza. Alikuwa akiweweseka, anasema maneno tusiyoyajua, dada zangu wakasema ni homa tu. Yalikuwa hivi."

Akafumba macho. "Mimi wa Nakijwa, wa Senkondo, wa Kadeghe, wa Sangiwa, Sangiwa, wa Mbonea."

Mkwe mmoja kule nyuma akacheka. "Kakosea! Sangiwa kamtaja mara mbili."

"Funga mdomo wako!" Shangazi Namkunda alikwisha simama, mkono kifuani. "Hajakosea! Babu Sangiwa alikuwa kiziwi. Mtu wa nje aliyeokota majina yetu njiani humtaja mara moja akapita. Sisi wa nyumbani tunamwita mara mbili, asije akakosa kusikia. Na Nakijwa ni shangazi yangu mimi, dada wa baba yangu, aliyeteremka tambarare asirudi!"

Vigelegele! Bi Tabu alikumbatiwa na watu asiowajua, wanalia, naye analia. Hapo ndipo alipolisikia jina la mama yake kwa mara ya kwanza akiwa na akili zake. Alilirudia polepole, "Nakijwa. Nakijwa." Jamani, raha nyingine zinauma.

Ningetamani hadithi iishie hapa tukale. Haiishi.

Ukoo ule mtu wao akipotea, jina lake hulifunga. Hakuna mtoto anayepewa mpaka aliyepotea apatikane, awe hai au awe habari tu. Akipatikana hai, hulirudia mwenyewe; ikipatikana habari tu, jina hufunguliwa, na hupewa yule aliyemrudisha. Huyo mmoja tu, maana jina moja haliitikiwi na watu wawili walio hai. Na anayelichukua huheshimiwa kama mwenyewe. Walio watoto wa marehemu humwita mama.

Mmeelewa hapo? Bi Tabu, aliyemlea alikuwa kikongwe, akamwita bibi. Mama mkwe alimkuta amekwisha fariki. Neno "mama" alikuwa akiitwa tu, yeye hana wa kumwita tangu utoto. Sasa mmoja kati ya mabinti zake ataitwa mama na mama yake mzazi, mpaka mwisho wa maisha.

Wote watatu walilitaka, na hawakuficha.

"Mimi ndiye niliyeuona mlima," Mashavu akasema. "Bila fundo lile mngekuwa mnapanda upande gani?"

"Mlima uliuona, ukoo ulikuwa umefunga mlango," Mwanvita akajibu. "Tazama mikono yangu, dada."

Sikitu akasema kwa sauti yake ndogo, "Mlango ulifunguliwa, tukawa tunatolewa."

"Basi tugawane," akasema Mashavu.

"Jina si muwa, halikatwi pingili," Shangazi Namkunda akamkata.

"Basi mama achague mwenyewe," akasema Mwanvita.

Shangazi akatikisa kichwa. "Mwanangu, wewe uliona wapi mtoto akachagua wa kumzaa? Wataamua waliokaa."

Waliokaa wakabishana mpaka chakula kikapoa. Waliosema Mashavu waliambiwa, kuona si kufika. Waliosema Mwanvita waliambiwa, angefika akasema nini? Waliosema Sikitu waliambiwa, bila wenzake maneno yake angemwimbia nani, mkonge?

Sasa Bi Tabu amekaa kizingitini pa nyumba aliyozaliwa mama yake. Mabinti wamesimama mbele yake, bega kwa bega. Shangazi Namkunda amekwisha ita kwa sauti ya ukoo mzima, "Nakijwa!" na hajaitikiwa. Mama wa watu midomo imefunguka, neno analo ulimini, anaangalia huyu, anaangalia yule, anaangalia yule mwingine.

Na waliokaa ni ninyi. Semeni upesi, bibi huyu ana umri na amengoja sana: nani amwitikie?