Dau la Nkwabi Chini ya Kifusi

Haya, sogeeni, na mwenye jibu la haraka alimeze kwanza.

Palikuwa na wachimbaji dhahabu watatu. Shija alijaliwa pua: angekwambia jana ulikula nini. Limbu, dada yake, alijaliwa masikio. Nkwabi alijaliwa digrii ya miamba, first class, please, ile unayopigiwa makofi siku moja kisha unatembeza sivii ya kuombea kazi miaka minne hadi soli inaisha. Ndiyo maana alikuwa chini ya ardhi na nyundo, na alishaacha kumwamini Mungu.

Siku hiyo shimo likaporomoka, kifusi kikaziba njia. Hewa nzito, tochi moja.

"Tuombe," akasema Limbu.

"Tumwombe nani, HR?" Nkwabi akakumbatia jiwe lake lenye dhahabu, la kwanza tangu aanze kuchimba, nauli yake ya kuhama machimbo. "Atakayenionyesha huyo Mungu humu humu, bila kitabu, jiwe hili lake."

Shija akanusa. "Mavi ya popo, mabichi. Popo hajasoma ramani, msomi, na kila siku anatoka na kurudi. Nani kamfundisha?" Wakatambaa kufuata harufu, mpaka njia ikagawanyika, kote kunanuka.

Limbu akawanyamazisha. "Kushoto maji yanashuka. Yanapopita maji, juu pana tundu. Nani kayachongea njia kabla hatujazaliwa?" Wakafuata maji mpaka ukutani. Mwamba mtupu, maji yanachuruzika kwenye nyufa.

Nkwabi akamulika. Matabaka yamelaliana, yamenyooka kama yamepigwa rula, na moja laini. "Gongeni hapa tu, kwingine tunajizika. Duh, aliyepanga hivi..."

Akauma ulimi. Too late, kaka. Wameshasikia.

Wakagonga. Mwanga ukaingia, wakatoka.

"Jiwe," Shija akanyoosha mkono. "Popo wangu."

"Popo wako walitufikisha njia panda tu!" akadakia Limbu. "Ni maji yangu."

"Mwamba huohuo ndio uliotufukia," Nkwabi akafoka. "Huo mbona hamuuhesabu?"

"Na huyo 'aliyepanga', injinia," akauliza Limbu, "ulikuwa unamsema nani?"

Nkwabi akalibana jiwe kifuani. Akilitoa, amekiri, na kesho anarudi kuchimba. Akisema ni lake kwa kuwa alijishawishi mwenyewe, amekiri vilevile. Akisema hakuonyeshwa kitu, wenzake walimsikia kwa masikio yao.

Sasa nyie mliokaa kivulini: jiwe la nani? La pua, la masikio, au la mdomo uliomponyoka mwenyewe? Semeni basi, mkono wa Shija bado umenyooshwa.