Sikudhani na Mgeni Mwenye Sharubu

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa bwawa.

Likawa na maji.

Maji maangavu?

Yalikuwa, kabla mdomo haujapita.

Hapo kale, katika bwawa la Itumbi, aliishi samaki msichana wa kabila la ngege, jina lake Sikudhani. Mwili wake kiganja, mdomo wake baraza. Akibishana na Kaa, Kaa aliondoka upandeupande. Akibishana na Kambale, Kambale alijifukia topeni. Konokono peke yake hakuwahi kushindwa, maana kabla hajajibu mjadala ulikuwa umekwisha.

Siku moja binadamu akaja na ndoo. Akamwaga samaki wawili, mume na mke, wanene, magamba kama visahani, sharubu pembeni mwa kinywa. Akasema, “Zaeni,” akaenda zake. Wenye bwawa hakuwauliza.

Kambale akasema, “Mgeni huyu simwelewi. Tumfukuze kabla hajazoea.”

Sikudhani akasema, “Mzee, nawe una sharubu. Tuanze na wewe?”

Bwawa likacheka. Mgeni akakaribishwa.

Siku ya tatu mgeni bado anakula tu. Sikudhani akasimama. “Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na alime.”

Bwawa likapiga mapezi. Mgeni akaambiwa alime.

Akalima. Pua topeni, akang'oa mayungiyungi. Pua topeni, akang'oa matete. Pua topeni, maji yakawa uji wa ulezi. Hajapata kuonekana mtu aliyepewa jembe akalipenda kiasi kile. Na mkewe akagandisha mayai kwenye nyasi za ukingoni, maelfu juu ya maelfu.

Sikudhani akamwendea. “Ndugu mgeni, nina hoja tatu.”

Mgeni akasikiliza zote huku anatafuna. “Umesema vizuri, dada. Hebu sogea, hapo uliposimama sijapalima.”

Sikudhani akarudi kwao akitunga hoja ya nne.

Nyumbani, dada yake Mashavu alikuwa na mayai kinywani, kama walivyo mama ngege wote: hali, hasemi, mpaka watoto waweze kuogelea. Lakini kila alipovuta pumzi alivuta tope, na kila alipokohoa, mayai mawili matatu yalimponyoka yakazikwa.

“Nishikie nusu, mdogo wangu,” akasema kwa midomo iliyobana.

“Nitakushikia, dada, nikimaliza hotuba. Kaa ameitisha mkutano.”

Mkutanoni Kaa akasema, “Nitatoboa ukingo, maji yashuke. Mayai ya mgeni yatakauka kwenye nyasi. Mgeni mwenyewe, kwa unene wake, mgongo utakuwa nje, na fisi maji ana njaa. Ila sisi tutabanana kwenye kidimbwi cha katikati mwezi mzima. Nani yuko tayari?”

Macho yote yakamgeukia Sikudhani. Hotuba alikuwa nayo, imesuguliwa ikang'aa, na methali mwishoni. Akafungua kinywa.

Ubavuni mwake Mashavu akakohoa, na mayai yote yaliyobaki yakamwagika.

Kinywa kilikuwa tayari wazi. Sikudhani akayadaka, akafunga.

Bwawa likangoja. Hotuba ikamwasha kooni. Kusema hawezi, kumeza hawezi, kutema hawezi. Akageuka, akaogelea peke yake kwenda kidimbwini, mashavu yamemvimba kama mtu aliyenuna.

Kambale akanong'ona, “Huyu akinyamaza, basi tumekwisha. Twendeni.”

Wakamfuata wote. Konokono alifika wiki iliyofuata.

Kaa akatoboa. Maji yakashuka. Mayai yakakauka kama mchele juani. Fisi maji, asiyehitaji kushawishiwa, akammaliza mgeni, akammaliza na mkewe. Watoto wao wachache walioanguliwa mapema walibaki, na ndiyo maana kila masika Kaa hutoboa tena.

Watoto walipomtoka Sikudhani kinywani, wadogo kama punje za ufuta, Mashavu aliwahesabu mara mbili. Kisha akauliza, “Siku ile ulitaka kusema nini?”

“Hoja tatu nimezisahau.”

“Na ya nne?”

“Nadhani niliimeza.”

Basi, anayemwaga ndoo kwenye maji ya wenzake na awaulize kwanza wenyewe. Na mwenyeji anayefungua mlango na aulize mgeni analimaje, anazaa wangapi.

Ngano yangu imefika kina. Tamu yake chukueni, tope lake niachieni. Nami nimesema tangu mlipoketi, na kinywani sina hata yai moja.