Fisi na Kiingereza cha Baridi

Hadithi inabisha hodi!
— Ipite ndani, ikae!
Imetoka mbali!
— Ipumzike, kisha iseme!

Basi huko Makete, mwezi wa Julai, Fisi alikuwa na pango lenye joto. Lingetosha ukoo mzima, lakini alilala yeye na mkewe tu. Pimbi na watoto wake sita walijibanza nyuma ya shule, tetete, tetete.

Lakini Pimbi alisikiliza masomo dirishani, akajua Kiingereza cha baridi. Kila asubuhi wanyama walimjia.

"Mwalimu, leo ni nini?"

"Koldi snepu. Inakuja ghafla, inauma siku mbili, inakwenda zake."

"Ikikaa wiki?"

"Koldi speli."

"Na sakitu, umande ulioganda, ikitanda kwenye nyasi?"

"Frosti!"

"Lo, Mwalimu!" Wakamletea viazi.

Fisi akayaona hayo, roho ikamuuma. Nyama ikamshinda kumeza. Mkewe naye akachochea: "Mwenzako ana maneno mangapi ya baridi! Wewe ikija unasema 'uuuwi' tu."

Fisi akaenda mbio kwa Pimbi. "Nipe maneno yote. Yote! Wewe ubaki bila hata moja!"

"Chukua, Mjomba. Ila hayaingii masikioni, yanaingia kwenye ngozi. Kaa nje siku mbili, utapata koldi snepu. Kaa wiki, utapata koldi speli."

"Na lililo kubwa kuliko yote?"

"Dipu frizi? Hilo hata mwalimu wa shule hana. Linataka wawili, mume na mke."

Mke wa Fisi akawa wa kwanza kutoka.

"Nani atalinda pango?" Fisi akauliza.

Pimbi akashusha pumzi. "Basi, tutalinda sisi. Ingawa humo ndani hakuna cha kujifunza."

Siku ya pili, meno yao kol-kol-kol. Siku ya tano masikio yakawa magumu kama vigae. Siku ya saba wakarudi. Mlango umezibwa kwa mawe na udongo, limebaki tundu la kumtosha pimbi. Fisi akaparura, kucha zimekufa ganzi. Ndani kunanukia viazi vya kuchoma. Wivu ukampanda upya: sasa akalionea wivu pango lake mwenyewe.

"Fu-fu-fungua!"

"Umejifunza, Mjomba?"

"Koldi sne-ne-nepu! Koldi spe-pe-peli! Fro-fro-frosti!"

"Hongera, umenipita! Mimi humu ndani nimeshayasahau yote."

Nimeishusha hapo, anayeitaka aibebe.
— Tumeibeba!

Na fundisho lake, watoto: someni Kiingereza kwa bidii, kinatia joto mwilini.