Chupa za Tajiri Harubu

Palikuwa na tajiri mmoja katika mji wa Kiwandu, Harubu bin Mselemu, aliyeuza sharbati na maji ya matunda. Kila chupa yake ilikuwa na muhuri wake shingoni. Siku moja akaenda kwa Sultani na dai la ajabu. Alitaka Bi Kidawa, mjane aliyeuza mafuta ya nazi sokoni katika chupa za kuokota, amlipe kodi ya kila chupa. Akishindwa, anyang'anywe kibanda.

Ikasadifu siku hiyo baraza limejaa watu kwa shauri jingine. Sheria ya mji ilimtaka mnunuzi wa sharbati aweke amana ya chupa, na akiirudisha apewe fedha yake. Basi chupa za sharbati zilirudi dukani kama njiwa waliozoea tundu. Lakini maji ya matunda hayakuwa na amana, na chupa zake zilitupwa ovyo hadi zikaziba mitaro. Mvua ikinyesha, watu waliamka vitanda vikielea. Hao walitaka amana iwekwe kwa kila chupa.

Tajiri alipinga huku machozi yakimlengalenga. Alisema amana itamwumiza maskini, na yeye hata usingizi haumjii akiwafikiria maskini. Sultani, ambaye sharbati yake ililetwa bure kila Ijumaa, aliona hayo ni maneno ya mtu mwenye huruma.

Kisha akaitwa Bi Kidawa. Kibanda kile ndicho kilichomlisha. Akaingia na kapu lake la chupa tupu, akaliweka chini.

Sultani akachukua moja, akaigeuzageuza. "Muhuri huu wa nani?"

"Wa tajiri, Maulana."

"Basi chupa ni yake, popote ilipo."

Tajiri akainama kushukuru. Bi Kidawa naye akashukuru, watu wakamshangaa. Akaomba ruhusa ya kumwuliza tajiri neno, akapewa.

"Popote, bwana? Hata mtaroni?"

Tajiri akasita. "Zangu ni zile nzima na safi. Zenye matope ni za waliozitupa."

"Una watoto, bwana?"

"Ninao."

"Wakirudi nyumbani na matope, huwaambia si wako?"

Baraza likaangua kicheko. Sultani alikificha chake kwa kikohozi. Alitamani kumwokoa rafiki yake, lakini hukumu ilikwisha kutoka kinywani mwake, na Sultani hamezi maneno yake mbele ya watu. Akamwambia tajiri kwamba, kwa kuwa chupa zote ni zake, ama aingie mitaroni akazizoe mwenyewe, ama kuanzia siku hiyo amlipe amana yeyote atakayemletea chupa yenye muhuri wake, iwe ya sharbati au ya maji ya matunda.

Tajiri akaitazama kanzu yake nyeupe. Akaifikiria mitaro. Akasema, kwa sauti ndogo, kwamba amana si jambo baya sana.

Lakini kushindwa kulimkereketa kooni. Akamgeukia mjane. "Haya, na wewe nirudishie chupa zangu. Zote, sasa hivi."

Bi Kidawa akalisukuma kapu hadi miguuni pake, akakinga kiganja.

"Hizi hapa, bwana. Nilipe mimi kwanza, maana wenye za mtaroni wako nje wanapanga foleni."